Wakristo tusiziruke kurasa ngumu za Biblia: tusome 1 Samweli 15, Zaburi 137 na Waamuzi 19 hadi mwisho

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Nyuzi za dini humu nimezifuatilia muda mrefu. Kila ikiletwa aya inayotisha, mambo huenda vile vile. Asiyeamini anaibandika peke yake, bila mstari wa kabla wala wa baada, anauliza kama huyo ndiye Mungu wa upendo, anaondoka. Muumini anamjibu kwamba njia za Mungu si njia zetu, anaongeza kwamba mwanadamu ni udongo tu, halafu watu wanaanza kutukanana. Ukiuliza sura yenyewe inasemaje mpaka mwisho, hakuna aliyeisoma.

Mimi ni Mkristo, mlei, naongoza darasa la Biblia la katikati ya wiki usharikani. Ninalotaka kusema ni moja: kurasa ngumu za Biblia ziliandikwa zisomwe, kwa sauti, mbele ya watu, na haraka yetu ya kuzitetea inaumiza kuliko kurasa zenyewe. Tumezoea kufunika kombe mwanaharamu apite.

Na kombe limefunikwa kweli. Kalenda ya masomo inayotumiwa na madhehebu mengi ya Kiprotestanti duniani, ile ya mwaka 1992, ina mzunguko wa miaka mitatu. Katika miaka yote hiyo mitatu kitabu kizima cha Waamuzi kimepewa Jumapili moja, mistari 7 ya mwanzo ya sura ya 4, habari za Debora. Wakatoliki walipopata vitabu vipya vya Liturujia ya Vipindi, yaani sala zao rasmi za kila siku, mwaka 1971, zaburi tatu ziliondolewa zote, ya 58, ya 83 na ya 109, pamoja na mistari ya mwisho ya Zaburi ya 137. Nia ilikuwa njema, kwamba watu wasiombe kwa maneno ya laana. Lakini matokeo yake mtu anaweza kwenda ibada kila Jumapili tangu kubatizwa hadi kuzikwa asijue kurasa hizo zipo, kisha mwanawe wa kidato cha tano anazikuta kwenye simu, zimebandikwa na mtu anayezicheka.

Tuanze na ile inayoletwa humu kila mara, 1 Samweli 15. Samweli anamwambia Sauli kwamba Bwana wa majeshi ameyatia moyoni mambo ambayo Amaleki waliwatenda Israeli walipopanda kutoka Misri, hivyo aende akawaue, "mwanamume na mwanamke, mtoto na anyonyaye, ng'ombe na kondoo, ngamia na punda". Anyonyaye. Kosa lenyewe liko Kumbukumbu la Torati 25: Amaleki waliwavamia waliochoka waliokuwa nyuma ya msafara. Kwa hesabu ya 1 Wafalme 6:1, kati ya kutoka Misri na siku za Sauli imepita miaka karibu 400. Hakuna Mwamaleki hata mmoja aliye hai siku ya Sauli aliyekuwapo njiani siku ile.

Majibu tunayopewa nayajua. Wanasema Amaleki walikuwa waovu kupindukia, na kwamba wale watoto wangekua wawe kama baba zao, heri walikwenda mbinguni mapema. Ndugu zangu, jibu hilo nalikataa kwa moyo wote. Ukilikubali huna tena neno la kumwambia mtu yeyote aliyeua mtoto akidai anamwahisha peponi.

Kuna jibu la pili, la wasomi, nalo lina uzito. Linasema hiyo ni lugha ya vita ya zamani zile, wafalme walizidisha chumvi. Ushahidi upo ndani ya kitabu hicho hicho. Sura ya 15 mstari wa 8 inasema Sauli aliwaangamiza watu wote wa Amaleki kwa upanga. Fungua sura ya 27, Daudi anawashambulia Amaleki. Fungua sura ya 30, wamechoma mji wake, na wanaokimbia kwa ngamia tu ni vijana 400. Sasa wale "wote" walikuwa akina nani? Nje ya Biblia liko jiwe la Mesha mfalme wa Moabu, la karne ya 9 kabla ya Kristo, lililopatikana Dhiban huko Yordani mwaka 1868 na sasa liko Louvre, Paris. Mesha anajisifu kwamba aliuteka mji wa Nebo, akaua watu 7,000 na kuwatoa wakfu kwa mungu wake, na kwamba Israeli imeangamia milele. Israeli haikuangamia. Ndivyo walivyoandika.

Jibu hilo linanisaidia upande wa historia. Halinisaidii upande wa amri. Hata kama siku ile hakufa mtoto hata mmoja, maneno yamewekwa kinywani mwa Mungu, na mahali hapo ndipo penye kazi.

Sasa angalia Biblia yenyewe inafanya nini na kurasa hizi. Yehu alitiwa mafuta awe mfalme kwa agizo la nabii, akaimaliza nyumba ya Ahabu kule Yezreeli, na 2 Wafalme 10:30 inasema Bwana alimsifu. Hosea anakuja baadaye, sura ya 1 mstari wa 4, anasema kwa jina la Bwana yule yule kwamba nyumba ya Yehu itapatilizwa damu ya Yezreeli. Kutoka 20 inasema uovu wa baba unapatilizwa wana hadi kizazi cha tatu na cha nne. Ezekieli 18 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Na Yona! Adui wa Israeli, mji katili, nabii amekaa nje anasubiri uteketee, na kitabu kinaisha kwa swali la Mungu: nisiuhurumie Ninawi, wenye watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi pia? Weka mistari hii miwili sambamba. Katika 1 Samweli 15 Sauli analaumiwa kwa kuwaacha hai ng'ombe na kondoo. Katika Yona 4 Mungu analeta mpaka ng'ombe kama sababu ya kuhurumia. Waliokusanya vitabu hivi waliviona vyote viwili na wakaviacha vikae pamoja. Sisi ndio tunaotaka kimoja kinyamaze.

Zaburi ya 137 nitaisema kwa ufupi maana wengi mnaijua kwa wimbo, "kando ya mito ya Babeli". Wimbo unaishia katikati. Mwisho wa zaburi ni kumtakia heri atakayewakamata wadogo wa Babeli na kuwaseta juu ya mwamba. Kabla hujamhukumu aliyeimba, soma Maombolezo 2 na 4, habari za Yerusalemu ilipozingirwa na Babeli: watoto wanazimia njiani, wanakata roho vifuani mwa mama zao. Soma 2 Wafalme 25:7, wana wa mfalme Sedekia wanachinjwa mbele ya macho yake, kisha macho yenyewe yanang'olewa. Aliyeimba alikuwa ameona wadogo wake wakisetwa. Analia kwa Mungu, hajashika upanga. Mtu wa namna hiyo akija kanisani kwetu leo tunamwambia asamehe kabla hajamaliza sentensi.

Nitaendelea na Waamuzi 19 chini. Karibuni.

#2 Mchangiaji

Mkuu umeandika vizuri lakini umezunguka. Swali ni la ndiyo au hapana. Mungu aliamuru watoto wauawe au hakuamuru? Ukisema aliamuru, basi ni mbaya. Ukisema hakuamuru, basi Biblia imesema uongo. Usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa.

#3 Mchangiaji

Mleta mada, mimi ni mchungaji. Hii ni njia ya hatari. Ukianza kuchagua mstari wa kuamini na wa kuacha, utaishia wapi? Marcion, yule mzushi wa karne ya 2, alianza hivyo hivyo. Neno lote ni pumzi ya Mungu, 2 Timotheo 3:16. Waumini wachanga wanasoma humu.

#4 Mleta uzi

#2, nakujibu moja kwa moja. Naamini Mungu hakutaka kifo cha mtoto anyonyaye. Naamini Samweli alisema alichoelewa kuwa ni neno la Bwana, kwa kipimo cha watu wake na wakati wake, ambapo kila taifa lilipigana kwa jina la mungu wake, na kwamba Biblia imetuhifadhia maneno yake kwa uaminifu. Gharama ya jibu hilo naijua. Wapo ndugu ninaowaheshimu watakaosema nimepunguza mamlaka ya Maandiko, na mchungaji hapo #3 ameshasema. Lakini jibu hilo sikulitoa nje ya Biblia.

Soma Luka 9. Kijiji cha Wasamaria kinamkataa Yesu. Yakobo na Yohana wanauliza, Bwana, tuagize moto ushuke kutoka mbinguni uwaangamize? Hawakulitoa hewani. Katika 2 Wafalme 1 Eliya aliagiza moto, ukawateketeza maakida wawili na watu wao hamsini hamsini, waliotumwa na mfalme wa Samaria. Nchi ile ile, moto ule ule, mfano ulioandikwa, na Eliya mwenyewe alikuwa ametokea mlimani mbele yao katika sura hiyo hiyo. Wanafunzi walikuwa na aya. Yesu aliwageukia akawakemea, wakaenda kijiji kingine. Mimi ni mfuasi wa huyo aliyekemea. Mtu akinijia na aya ya moto, najua Bwana wangu aliifanyia nini.

Mchungaji, shikamoo, na asante kwa kuja. Marcion alifarakana na kanisa la Roma yapata mwaka 144 kwa sababu alilitupa Agano la Kale lote, na la Jipya akabakiza Injili moja aliyoipunguza na nyaraka 10 za Paulo. Kanisa lilikataa, na lilikuwa sahihi kabisa. Lakini nikuulize kwa heshima: kati yangu na kalenda zetu za masomo, nani ametoa kurasa? Mimi nataka 1 Samweli 15 isomwe mimbarini. Waliokaa kimya kuihusu ndio walioitoa, japo bado imechapishwa.

Na wasiwasi huu si wa watu wa mitandao. Origen, karne ya 3, alihubiri kitabu cha Yoshua sura kwa sura na kusema wale wafalme wanaouawa ni dhambi zilizomo ndani yetu. Augustino aliisoma Zaburi ya 137 hivyo hivyo: wadogo wa Babeli ni tamaa mbaya zikiwa bado changa, na mwamba ni Kristo. Walizunguka kwa sababu maneno yenyewe yaliwachoma. Mimi siwafuati hapo, maana ukigeuza wale watoto kuwa tamaa, unawafuta na watoto wa Yerusalemu waliomfanya mtu aimbe hivyo. Ila nani atasema Augustino hakuwa na imani?

#5 Mchangiaji

Mimi sioni kwa nini tujichoshe. Hayo ni ya Agano la Kale, miaka elfu tatu iliyopita, Kanaani huko. Sasa hivi nani anapigana na Amaleki?

#6 Mleta uzi

Mkuu #5, tatizo la neno Amaleki ni kwamba huwa halikai Kanaani. Mwaka 1689 mhubiri Cotton Mather wa Boston aliwahubiria askari waliokuwa wanakwenda kupigana na wenyeji wa Amerika, akawaita wenyeji wale Amaleki. Alikuwa na sura hii hii mkononi. Anayeijua sura hii vizuri, aliyewahi kuisikia ikijadiliwa na watu wazima kanisani kwake, ana silaha ya kumkatalia mhubiri wa namna hiyo. Asiyewahi kuisikia atasema amina.

Na upande wetu huku? Laana ya Hamu. Mwanzo 9 haimlaani Hamu kabisa, anayelaaniwa ni Kanaani mwanawe, na anayelaani ni Nuhu aliyeamka kutoka kwenye ulevi. Mungu hasemi neno. Lakini kwa karne nyingi watu weusi waliuzwa kwa aya hiyo. Baadaye likageuzwa tena: msafiri Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, akaeneza dhana kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walitoka Ethiopia na ni watu wa jinsi nyingine, na waliomfuata wakaijenga nadharia ya "Wahamiti", yaani uzao wa Hamu. Wakoloni na wamisionari wakaifundisha Rwanda shuleni, kwamba Watutsi ndio Wahamiti hao. Tarehe 22 Novemba 1992, kule Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama mkutanoni akasema Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, mto ule ulibeba maiti kweli, na maiti zilifika mpaka Ziwa Victoria.

Watutsi walikimbilia makanisani. Nyamata, Ntarama, Nyange. Kule Nyange kanisa liliangushwa kwa tingatinga watu wakiwa ndani, na padri wa parokia ile alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda (ICTR) iliyokuwa hapa Arusha, katika rufaa ya mwaka 2008. Waliokufa na waliowaua walikuwa wamebatizwa, wengine kwenye kisima kimoja. Sisemi waliua kwa sababu ya aya. Nasema nchi yenye makanisa yaliyojaa hivyo ilikuwa na kurasa ndani ya Biblia zinazoonyesha hatua kwa hatua jinsi taifa linavyokula watu wake, na ni kurasa ambazo ibadani hazifunguliwi.

Moja ya kurasa hizo ni Waamuzi 19 hadi 21. Niliahidi, sasa naiandika.

Mlawi mmoja ana suria kutoka Bethlehemu ya Yuda. Mwanamke anamwacha, anarudi kwa baba yake, anakaa miezi minne. Mume anamfuata ili "aseme naye kwa upole". Hayo ndiyo maandishi yanayosema. Sasa soma sura nzima utafute huo upole. Anakula na kunywa na baba mkwe siku tano, wanaume wawili wanabembelezana kuhusu kulala au kuondoka, mwanamke hasemeshwi. Wanaingia Gibea, mji wa Benyamini, jua likiwa limekuchwa, wanakaribishwa na mzee mmoja. Wanaume wa mji wanauzingira mlango, wanamtaka mgeni. Mzee anasema atawapa binti yake na suria. Mlawi anamshika suria wake, anamtoa nje. Wanamtenda mabaya usiku kucha. Kunapopambazuka anaanguka mlangoni, mikono yake juu ya kizingiti. Bwana wake anafungua mlango aendelee na safari yake, anamwona, na ndipo kwa mara ya kwanza tunasikia neno lake kwa mwanamke huyo: inuka, twende zetu. Hapana jibu.

Kisha anamkata vipande 12, anavituma Israeli yote.

Sasa njoo 20:5, anapotoa ushahidi mbele ya mkutano. Anasema watu wa Gibea walitaka kumuua yeye, na suria wake wakamtenza nguvu hata akafa. Kwamba yeye ndiye aliyemtoa nje, hasemi. Msimulizi ametuonyesha tukio, halafu anamwacha mtu adanganye mbele ya taifa zima, na taifa linakwenda vitani kwa ushahidi huo. Benyamini wanabaki wanaume 600. Watu wanajuta, wanatafuta wake kwa ajili yao: wanaua Yabesh-gileadi nzima isipokuwa wanawali 400, kisha wanawaruhusu waliobaki wateke mabinti waliokuwa wakicheza kwenye sikukuu kule Shilo. Walianza kulia kwa ajili ya mwanamke mmoja aliyebakwa, wakaishia kuwapa wanaume 600 ruhusa. Na kitabu kinafunga: kila mtu alifanya yaliyokuwa mema machoni pake mwenyewe.

Nani atasoma hayo na kusema Biblia inaunga mkono? Inashitaki. Ila mashitaka yanasikika tu ukisoma zote tatu.

Darasani kwetu aliyepangiwa kusoma siku hiyo alikuwa mama mmoja anayeuza vitenge sokoni, msomaji mzuri, sauti yake inafika nyuma. Alipofika kwenye kizingiti akasimama. Akaufunga mkono wake ndani ya Biblia pale pale kwenye mstari, akatutazama, akauliza: "Hao waliokuwa ndani walilala?" Mwinjilisti wetu akaanza kueleza kuhusu ukarimu wa Mashariki ya Kati, heshima ya mgeni, nini na nini. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, halafu akarudia: "Baba, nimeuliza kama walilala." Hakuna aliyemjibu. Tulikaa. Baadaye wanawake wawili wakasema mambo yao ambayo miaka yote ya maombi ya pamoja hayakuwahi kutoka. Sitayaandika hapa.

#7 Mchangiaji

Kaka, nimesoma hii nikiwa kwenye daladala nimeshindwa kujizuia. Mimi nilihubiriwa sura hii mara moja tu, kwenye semina ya wanawake, na somo likawa "madhara ya mke kuondoka nyumbani kwa mumewe". Kwamba yule dada angetulia kwake yasingempata. Sikuwahi kuifungua tena.

#8 Mleta uzi

Dada yangu, pole sana. Somo hilo limempa hukumu yule ambaye msimulizi hakumpa. Angalia tena jinsi sura ilivyopangwa: kwa baba yake alikuwa salama miezi minne. Hatari ilianza alipofuatwa na kurudishwa. Kama mhubiri anataka kutafuta kosa, amtazame aliyefungua mlango usiku kumtoa nje, na aliyekuja kusema uongo mbele ya mkutano. Ukiweza, ifungue, hata kama ni mistari michache, ukiwa na mtu unayemwamini.

#9 Mchangiaji

Nakazia mada, lakini umemsahau binti Yeftha, Waamuzi 11. Hapo utasemaje? Roho ya Bwana ilimjia Yeftha, akaweka nadhiri ya kumtoa sadaka yeyote atakayetoka nyumbani kumlaki, akashinda vita, akamtoa binti yake. Na usiniambie angeweza kumkomboa kwa fedha, maana Walawi 27:29 inasema kilichowekwa wakfu hakikombolewi.

#10 Mleta uzi

Mkuu #9, umekwenda mbali, hongera. Twende taratibu. Walawi 27 mwanzoni inaruhusu mtu aliyewekewa nadhiri akombolewe, na msichana wa miaka 5 hadi 20 kiwango chake ni shekeli 10 za fedha. Mstari wa 29 unahusu kitu au mtu aliyetolewa kuangamizwa, ni jambo la hukumu. Yeftha hakutoa hiyo, alisema sadaka ya kuteketezwa. Na sadaka ya mtoto Kumbukumbu 12:31 imeikataa waziwazi, inaiita chukizo. Kwa hiyo alishika nadhiri ambayo torati ilikuwa inamkataza kuitimiza.

Lakini hata nikishinda hoja hiyo ya kisheria, kinachonisumbua bado kipo. Mungu yuko kimya. Kwa Ibrahimu malaika aliita kutoka mbinguni, mkono usishuke. Hapa hakuna malaika. Binti anaomba miezi miwili, anakwenda milimani na wenzake, anarudi. Waebrania 11 inamtaja Yeftha kati ya mashujaa wa imani, haimtaji bintiye. Mimi sina maelezo ya ukimya huo, na sitayatunga. Naona tu kwamba mstari wa mwisho wa sura hautuachi na shujaa. Unatuacha na binti za Israeli wanaokwenda kila mwaka siku nne kumkumbuka. Wao walipata la kufanya: hawakulijibu swali, walikataa lisahaulike. Wakatoliki wanasoma sehemu ya sura hii siku ya Alhamisi ya juma la 20, mwaka wa kwanza wa mzunguko wao wa masomo ya siku za kazi. Ni jambo jema. Madhehebu yetu hatuna hata hilo.

#11 Mchangiaji

Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Kwa hiyo niwasomee watoto haya? Wazazi watanifukuza.

#12 Mleta uzi

Mwalimu, hapana. Mtoto wa miaka saba hana haja ya Gibea. Lakini tujiulize kuhusu tunayowafundisha tayari kwa nyimbo na kupiga makofi: gharika, Yeriko, wazaliwa wa kwanza wa Misri. Hizo nazo zina maiti, tumezizoea tu. Nakumbuka darasa la kipaimara mtoto mmoja aliuliza Rahabu wa Yeriko alijisikiaje kesho yake, majirani zake wote wamekufa. Swali kama hilo usilizime. Kuanzia kipaimara wanaweza kusoma Yona pamoja na 1 Samweli 15 na kubishana, na ubishi wao ukauacha bila kuufunga. Ibrahimu alibishana na Mungu kuhusu Sodoma, Mwanzo 18, akamuuliza kama Mhukumu wa ulimwengu wote hatatenda haki, na Mungu hakumkemea. Ayubu alisema maneno ambayo leo tungemtenga ushirika. Rafiki zake walimtetea Mungu kwa ufasaha mkubwa. Sura ya 42 mstari wa 7 Mungu anawaambia hao mawakili wake kwamba hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu.

Mwaka 1807 ilichapishwa London Biblia maalum kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi vya Waingereza. Yusufu kuuzwa utumwani na kumtumikia bwana wake vizuri wakambakiza. "Enyi watumwa, watiini mabwana" wakaibakiza. Musa mbele ya Farao wakamtoa, na bahari kugawanyika, na watu kutoka wakiwa huru. Wahariri wale walijua ukurasa gani ni mgumu, na mgumu kwa nani. Tunaporuka kurasa leo, tuulizane swali hilo hilo: Waamuzi 19 ni ngumu kwa nani? Si kwa mama wa vitenge. Yeye ndiye pekee aliyeuliza swali lake bila kuzunguka.

#13 Mchangiaji

Mkuu, mimi ndiye #2. Bado siamini. Ila nimesoma Yona yote sasa hivi, sura nne tu, sikujua inaishia na swali.

#14 Mleta uzi

Asante kwa kusoma, mkuu, karibu hata bila kuamini. Nimeombwa inbox niweke utaratibu. Tutaanza Alhamisi usiku, somo moja kwa juma, kwa mpangilio huu: Waamuzi 11, kisha 19, kisha 20 na 21 kwa pamoja, halafu 1 Samweli 15 ikifuatwa na Yona. Zaburi ya 137 itakuja baada ya Maombolezo 2. Kila mmoja asome sura nzima kabla ya kuandika, na aandike kwanza alichokiona ndani ya maandishi, maoni yafuate. Mchungaji #3, ningependa sana wewe ndiye ufungue ile ya Sauli. Tunakusubiri.